Safari ya milimani na washkaji: Amritsar, McLeod Ganj na mahekalu ya bonde la Kangra, namna ya kuipanga

Likizo ikikaribia tu, kwenye magrupu ya wanafunzi wetu walioko Punjab na Delhi huku India inaanza habari ileile ya "twendeni milimani", mtu anatupia ratiba yenye Amritsar, Dharamshala, Manali, Kasol na Shimla zote ndani ya wiki moja na watu wanagonga dole. Naomba msiende hivo. Himachal Pradesh, jimbo ambalo sehemu kubwa ya miji hiyo iko, ni milima mitupu, kilomita 200 za kule sio kilomita 200 za Dar kwenda Morogoro, ni kona juu ya kona, upande huu ukuta wa mlima upande ule korongo, na mkiunganisha miji yote hiyo mtakaa kwenye siti ya basi kuliko mtakavyokaa mahali pengine popote. Chagueni bonde moja, ingieni humo, tulieni.

Mi nitaelezea bonde la Kangra na Amritsar kama mlango wa kuingilia, kwasababu hapo ndani ya eneo ambalo halichoshi mnapata hekalu kuu la Masingasinga, mji wa Wabudha wa Tibet (McLeod Ganj, juu ya Dharamshala), na mahekalu ya zamani ya Wahindu, na milima ya Dhauladhar imesimama juu yenu muda wote. Ni safari nzuri kwa wanafunzi, na hata kwa ndugu waliokuja kumuuguza mtu hospitali za Delhi au Chandigarh wakapata siku za kupumua.

Kabla hamjakata tiketi

Idadi nzuri ni watu wanne hadi sita. Wanne wanaenea taksi ndogo, sita wanaenea gari kubwa kidogo, mkifika tisa au kumi mnahitaji gari mbili na hapo ndo kundi linapasuka, kila saa gari moja linasubiri jingine, wengine washakula wengine bado. Kama mko wengi gawanyikeni kuanzia nyumbani, makundi mawili kila moja na ratiba yake, mkutane McLeod Ganj.

Alafu kaeni kikao, ana kwa ana sio kwenye grupu, muongelee hela, muongelee saa ya kuamka (mahekalu ni mambo ya alfajiri, mtu wa kulala hadi saa nne ajue mapema), na muongelee dini, ambayo watu huwa wanaikwepa mpaka wanafika mlangoni. Kwenye kundi la kwetu kuna Waislamu, kuna Wakristo, kuna ambaye hataki kabisa kuvuka kizingiti cha hekalu, na kila mmoja ana haki yake. Asiyetaka kuingia asisukumwe wala asichekwe, atakaa nje na mabegi, pembeni ya kila hekalu kuna mtu anauza chai. Na yeye pia asiwe wa kuwahukumu walioingia kuangalia. Likishasemwa hili mkiwa nyumbani, njiani halizai ugomvi.

Kwenye hela utaratibu unaofanya kazi ni huu: kila mtu achange kiasi sawa mwanzoni, iwekwe kwa mmoja mwenye akaunti ya benki ya India na namba ya India ili aweze kulipa kwa UPI, yale malipo ya simu ya India, huyo ndo mweka hazina, analipa taksi, vyumba, maji, tiketi, kila kilicho cha pamoja. Chakula mtu ajilipie mwenyewe kwasababu kuna anayekula sahani mbili na kuna anayekunywa supu akashiba, wasibebeshane mzigo. Kila jioni anatuma kwenye grupu kilichotumika, hata kama ni rupia kidogo, ikipungua mnachanga tena. Bebeni na noti taslimu, hasa ndogondogo za kumi na ishirini, za chai, za masanduku ya sadaka, za mtu wa kutunza viatu, usitegemee ATM ya mji mdogo wa mlimani wikiendi watalii wakiwa wamejaa.

Makaratasi sasa. Pasipoti yenyewe sio picha kwenye simu, viza, na kama uko na viza ya mwanafunzi beba na karatasi ya usajili wako wa FRRO, ofisi ya kusajili wageni. Hoteli ikimpokea mgeni wa nje inatakiwa kupeleka taarifa zake serikalini kwenye fomu ambayo wengi wanaiita Fomu C ndani ya masaa 24, na gesti nyingi ndogo hazijajiunga na huo utaratibu, ndo maana mtu anafika saa mbili usiku na bukingi yake kamili anaambiwa hatupokei wageni wa nje. Kwahiyo kabla ya kulipa chochote mtandaoni pigeni simu, ulizeni waziwazi, "tuko watu watano wenye pasipoti za Tanzania na Kenya, mnapokea?" Akijibu ndio, mwambie aandike kwenye meseji. Faida nyingine ya Kangra ni kwamba haina maeneo ya vibali, tofauti na kule Kinnaur na Spiti karibu na mpaka wa China ambako kuna sehemu mgeni haruhusiwi kupita bila kibali maalum.

Msimu: Machi mpaka mwanzoni mwa Juni, au kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Novemba. Hili nalisisitiza, Julai na Agosti msiende hata kama nauli ni ya bure. Dharamshala ni moja ya sehemu zinazopigwa na mvua kuliko zote Himachal. Julai 2021 maji yalishuka ghafla pale Bhagsu, jirani na McLeod Ganj, yakasomba magari yaliyopakiwa, na Agosti 2023 kule Shimla mlima uliporomokea hekalu la Shiva, mungu mkubwa wa Wahindu, pale Summer Hill asubuhi watu wakiwa kwenye ibada, wakafariki watu 20. Desemba mpaka Februari kuna baridi kali na theluji McLeod, inapendeza ila mjue barabara zinaweza kufungwa. Angalieni pia kalenda ya Navratri, zile siku tisa za mungu wa kike, zinakuja msimu wa Machi-Aprili na tena Septemba-Oktoba, bonde zima linajaa mahujaji na foleni ya hekalu moja inaweza kula nusu siku.

Nguo zenu ziwe za kufunika mabega na magoti, wote, wanaume na pensi zao pia. Soksi nzito kwasababu mtavua viatu kwenye sakafu ya mawe ya baridi. Na wadada, na wakaka pia, bebeni kanga au kikoi, ni kitambaa cha kichwa Amritsar, ni shuka kwenye basi, ni mkeka mkikaa chini.

Amritsar

Fikeni na treni, wekeni mabegi, nendeni Harmandir Sahib, lile Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, jioni, alafu rudini tena alfajiri, ni kama sehemu mbili tofauti. Hekalu limekaa katikati ya bwawa, kitabu kitakatifu cha Masingasinga kiliwekwa humo mwaka 1604, na dhahabu mnayoiona ilikuja baadae sana, karne ya 19, wakati wa Maharaja Ranjit Singh. Lina milango minne, kila upande mmoja, na hawaulizi mtu dini wala kabila. Aliyewahi kusafiri kwa barabara ya Nairobi na Mombasa na akasimama Makindu kula pale kwa Masingasinga bila kulipa, huu ndo mzizi wa kile alichokiona, hekalu la Makindu lilijengwa mwaka 1926 na jamii iliyotokana na wafanyakazi wa reli.

Viatu unakabidhi dirishani unapewa kibati chenye namba, ni bure. Kichwa lazima kifunikwe, mwanaume na mwanamke, na kapelo haihesabiki, funga kitambaa. Sigara na pombe hata kwenye begi usiingie nazo. Mlangoni kuna maji ya kina kifupi unapitisha miguu. Ndani mnazunguka bwawa kwa mwelekeo mmoja, hekalu likiwa mkono wenu wa kulia, mkikaa kupumzika usininginize miguu kwenye maji wala kuinyoosha kuelekea hekaluni. Picha kule nje kwenye marumaru watu wanapiga, ila ukishaingia kwenye lile daraja la kuelekea ndani simu iende mfukoni.

Foleni ya kuingia ndani kabisa ni ndefu mchana, alfajiri inapungua. Na usiku, kama saa nne hivi, wanakitoa kile kitabu kwa heshima kubwa kwenye machela ya dhahabu kwenda kulala Akal Takht, jengo la mbele yake. Mkiweza kusimama pembeni kimya muone hilo, fanyeni.

Alafu nendeni langar, jiko la bure. Nataka niwaambie ilivyo ili msibabaike. Mnapewa sahani ya chuma yenye vigawanyo, bakuli na kijiko, mlango unafunguliwa, mnakaa chini kwa mstari kwenye jamvi refu, mwenye duka la dhahabu na mkokota mkokoteni wamekaa goti kwa goti. Anapita mtu na ndoo ya dali anamwaga kwa upawa akitembea, nyuma yake wa mboga, nyuma yake wa wali wa maziwa mtamu, alafu wa chapati. Chapati haiwekwi sahanini, unanyoosha viganja viwili vilivyofunguliwa, pamoja, ndo anaiachia, bado ya moto. Ukinyoosha mkono mmoja atasimama anakusubiri tu, kwa upole. Chukua unachoweza kumaliza kwasababu kubakisha ni vibaya, ukitaka tena watapita tena. Chakula ni cha mboga tupu, kwahiyo hata mwenye wasiwasi wa nyama amepona.

Mkishakula msikimbie. Mlangoni pa kutokea mnasikia mshindo wa sahani, ni watu wa kujitolea wanaosha, na mgeni yeyote anakaribishwa, unakunja mikono ya shati unaingia. Au kaeni na wale mabibi wanaomenya vitunguu saumu. Nusu saa ya kufanya kazi pale inaliunganisha kundi lenu kuliko selfi zote mtakazopiga safari nzima, hilo naliamini kabisa.

Hatua chache kutoka hapo kuna Jallianwala Bagh, bustani ambayo tarehe 13 Aprili 1919 askari wa Mwingereza waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika bila silaha. Matundu ya risasi bado yapo ukutani. Ingieni kimya.

Kupanda juu

Kutoka Amritsar nendeni Pathankot kwa treni au basi, na Pathankot chukueni basi la Dharamshala, jumla kama kilomita 200, tokeni asubuhi ili mfike bado kuna mwanga. Kuna ile reli nyembamba ya zamani ya Kangra, ya mwaka 1929, kilomita 164 kutoka Pathankot mpaka Joginder Nagar, ila daraja lake la Chakki lilisombwa na mafuriko mwaka 2022, kwahiyo ulizeni stesheni ni kipande gani kinatembea kwa wakati huo kabla ya kuipangia siku.

Mwenye kutapika safarini akae mbele, asile mafuta asubuhi, atafune tangawizi au anywe dawa nusu saa kabla ya kuondoka. Basi la mchana ni bora kuliko la usiku kwenye kona hizi, unaona njia na dereva anaona njia. Dharamshala ya chini ni mji wa kawaida wa ofisi na soko, McLeod Ganj iko juu yake kwenye kimo cha kama mita 2,000, mnapanda na basi dogo au taksi, au na vile vibanda vinavyoninginia kwenye waya vilivyoanza mwaka 2022, ambavyo kwa mara ya kwanza vinafaa kwasababu mnaona bonde lote likishuka chini ya miguu yenu.

McLeod Ganj, kaeni hapa usiku tatu

Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, alikimbia Tibet mwaka 1959, na mwaka uliofuata akapewa makazi hapa, watu wake wakamfuata, na mji ukawa wao. Hekalu lao kuu, Tsuglagkhang, liko mkabala na makazi yake. Mtu akitarajia jengo la kutisha kwa mapambo atashangaa, ni jengo la saruji la kawaida, rangi ya njano, uzuri wake uko kwenye watu. Kuna ukaguzi mlangoni, viberiti na sigara haviingii. Magurudumu ya sala, yale mapipa ya shaba yaliyopangwa, unayazungusha kwa mkono wa kulia ukitembea kuelekea kulia, usiyarudishe nyuma na usigeuze kuwa mchezo wa watoto. Mchana uwanjani mnaweza kukuta watawa wanabishana masomo yao, mmoja kakaa, mwingine kasimama anamuuliza swali na kulimalizia kwa kupiga kofi kubwa mbele ya uso wake, ni namna yao ya kusoma, kaeni pembeni mtazame.

Ila kitu cha kuamkia ni njia ya kuzunguka kilima cha hekalu, wanaiita kora, inapita msituni kati ya bendera za sala. Nendeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya maduka. Mtawakuta wazee wa Kitibeti na fimbo zao na tasbihi, wanatembea taratibu wanasoma dua kwa sauti ya chini, wakiwaona wanawasalimia, "tashi delek", jibuni hivohivo. Tembeeni nyuma yao kwa mwendo wao, msiwapite mkikimbia na spika ya bluutuuth.

Kama Dalai Lama anafundisha siku mlizopo, mnajiandikisha kabla na pasipoti, na siku yenyewe mkaguliwe vizuri, kamera na simu mara nyingi haziruhusiwi. Bebeni kijiredio kidogo cha FM na visikilizio kwasababu tafsiri inarushwa hapo kwa redio, kikombe cha chai, na kitu cha kukalia.

Kwa kula, momo na thukpa kila kona, momo ni kama sambusa za mvuke, thukpa ni supu ya tambi, na tingmo ni mkate wa mvuke unaochovya. Momo zipo za nyama na za mboga, Muislamu asiye na uhakika na machinjo aombe za mboga au za viazi, wanaelewa.

Wenye miguu pandeni Triund, kimo kama cha mita 2,850, tokeni alfajiri mrudi jioni, ni masaa matatu mpaka matano ya kupanda kutegemea mwendo wenu, na mwendo wa kundi uwe wa yule anayechoka haraka, yeye atangulie mbele, msimuache nyuma. Sheria za kulala kule juu na kuweka mahema zinabadilikabadilika, ulizeni siku moja kabla. Asiyepanda aende Bhagsu, hekalu dogo la Shiva lenye bwawa na maporomoko ya maji juu yake. Na kwenye barabara ya kushuka kuna kanisa la mawe la St John in the Wilderness, la mwaka 1852, ndani ya miti mirefu ya mierezi, lilibaki limesimama kwenye tetemeko kubwa la ardhi la 1905 isipokuwa mnara wake wa kengele. Wakristo wa kundi pitieni hapo mtulie.

Mahekalu ya bondeni

Kodini taksi ya siku nzima, stendi ya McLeod bei zimepangwa na umoja wa madereva, uliza ubao wa bei kabla ya kuongea na dereva. Mwambieni aanze na la mbali, Jwalamukhi, kama kilomita 50 kushuka, ili mfike kabla ya foleni, alafu mrudi kupitia Kangra mjini na Chamunda.

Jwalamukhi ndani hakuna sanamu. Kuna mwamba wenye nyufa, na kwenye nyufa kunatoka moto, gesi asilia inayowaka yenyewe, ndimi ndogo za rangi ya bluu, moja hapa kwenye kijitundu, nyingine kule chini kwenye shimo, na ndo huo moto wenyewe wanaouheshimu kama mungu wa kike. Chumba ni kidogo na joto, watu wanasukumana kwa hamu, mna sekunde chache tu, kwahiyo msipoteze hizo sekunde na simu, tazameni kwa macho.

Kangra mjini kuna hekalu la Bajreshwari. Lilianguka kabisa kwenye tetemeko la tarehe 4 Aprili 1905 lililoua watu zaidi ya 20,000 bonde hili, likajengwa upya. Januari, kwenye sikukuu ya Makar Sankranti, wanalipaka jiwe takatifu siagi nyingi na kulipamba kwa matunda, mkiwa pale kipindi hicho pitieni. Chamunda liko pembeni ya mto, pazuri kupumzika jioni.

Baijnath nalipa siku yake, na ndo ninalolipenda kuliko yote. Lilijengwa mwaka 1204 na wafanyabiashara wawili ndugu, Ahuka na Manyuka, kwa ajili ya Shiva kama bwana wa waganga, kwahiyo wagonjwa na wauguzaji wanakuja sana. Ni la mawe yaliyochongwa kila inchi, na lile tetemeko lililoangusha mji wa Kangra halikuliangusha. Uani kuna sanamu ya Nandi, ng'ombe dume anayembeba Shiva, watu wanainama wanamnong'oneza haja zao sikioni, ukiwakuta subiri amalize, sio jambo la kupigia picha mtu. Na hapa Baijnath sikukuu ya Dussehra ambayo India nzima wanachoma sanamu ya Ravana, mfalme muovu wa hadithi zao, wao hawachomi, kwasababu wanaamini Ravana alimuabudu Shiva mahali hapa.

Njiani mnapita Palampur, mashamba ya chai pande zote, aliyekulia Kericho au Mufindi atajisikia nyumbani.

Mkiwa ndani

Viatu nje, na mikanda na pochi za ngozi sehemu nyingi haziingii, ziacheni garini. Soma bango la mlangoni, kama limeandika wasio Wahindu wasipite mstari fulani, usipite, na usibishane na mlinzi. Zungukeni kuelekea kulia. Kwenye hekalu la Shiva mtaona mfereji mdogo unaotoa nje maji na maziwa wanayolimwagia jiwe takatifu, waumini hawauvuki huo mfereji, wakifika hapo wanageuza kurudi walikotoka, nanyi fanyeni vivohivo. Chumba cha ndani kabisa hapapigwi picha. Mchana mahekalu mengi yanafungwa kwa muda mungu "apumzike", ibada zenye kengele na taa ni asubuhi na magharibi, pangeni siku yenu kwa hizo saa.

Mtapewa vitu. Anayekupa kipande cha nazi, sukari au ua anakupa baraka, pokea kwa mkono wa kulia au yote miwili. Kama imani yako haikuruhusu kula kilichotolewa kwa mungu mwingine, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa, wataelewa na hawakasiriki. Ukishapokea usikitupe, mpe mtu mwingine anayekihitaji, watoto na mahujaji wapo wengi. Na alama ya rangi kwenye paji la uso ni hivohivo, unarudisha kichwa nyuma kidogo na viganja vimeungana, imeisha. Kusimama kuangalia sio kusali, na hakuna atakayekulazimisha kusali. Baadhi ya mahekalu yanaomba wanawake walio kwenye siku zao wasiingie, hilo ni la dada mwenyewe kuamua, wakaka msimuulize mtu kwanini kabaki nje.

Kuna "kuhani" wa pembeni ambaye sio wa hekalu atakayewafunga uzi mkononi na kudai hela kubwa. Sadaka inaingia kwenye sanduku, kiasi unachotaka. Mkatalieni kwa upole mwendelee kutembea.

Na watu watawaomba picha, sana, familia nzima inajipanga pembeni yenu. Wengi ni ukarimu na udadisi tu, kuona mtu mweusi kwao ni nadra. Ila mna haki ya kukataa, na mtu akianza kushika nywele za dada bila ruhusa mwambieni hapana kwa sauti inayosikika. Kubalianeni kabla, kwa mfano nje ya hekalu sawa, ndani hapana, na mmoja akikataa basi kundi zima limekataa, msimuache mwenzenu anavutwa peke yake.

Afya

Maji ya chupa au yaliyochemshwa. Nyani na mbwa wa mitaani ni wengi McLeod na kwenye mahekalu, usibebe chakula kinachoonekana, usiwachekee nyani kwa meno. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu hospitali siku hiyohiyo mkaombe chanjo ya kichaa cha mbwa, wala msisubiri kesho. Andikeni kwenye grupu kila mtu na mzio wake na dawa anazotumia. Mtu mmoja nyumbani, mzazi au mwenzenu wa hosteli, awe na ratiba yenu na majina ya gesti.

Bir na kurudi

Kutoka Baijnath kuna mwendo mfupi tu mpaka Bir, kijiji chenye makazi ya Watibeti na nyumba zao za watawa, na juu yake Billing ambako watu wanaruka na parashuti za mlimani, mashindano ya dunia yalifanyika hapo mwaka 2015. Anayetaka kuruka aruke na rubani mwenye leseni tu, aulize aonyeshwe, na siku ya upepo mbaya akubali kuahirisha. Wengine nendeni nyumba za watawa asubuhi mkasikie yale mabaragumu marefu, ni bure na hamtajuta.

Msirudi McLeod tena, kutoka Bir au Baijnath kuna mabasi ya usiku ya Delhi, na wa Punjab mnashuka Pathankot mnapanda treni. Hapo usiku hauepukiki kwa wa Delhi, chagueni basi la kampuni yenye madereva wawili. Jumapili yanajaa mapema, kateni tiketi mkiwa bado McLeod. Acheni siku moja ya akiba kabla ya mtihani au ndege, mlima ukishuka barabarani hakuna wa kumlalamikia, mnakaa kijijini mnasubiri greda. Mweka hazina asigawe chenji iliyobaki mpaka ile taksi ya mwisho ya kuwafikisha hosteli iwe imelipwa.